Msichana Mkweli wa Mashuuru

Mwezi uliopita tulikutana Kitengela, sisi wachache tuliobaki wa ile ofisi ya kupima mawe na mchanga. Binti yake Bwana Wekesa ndiye aliyetuita. Alitaka baba yake, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo na kusahau alikoweka miwani, akae kidogo na watu waliowahi kumwita bosi. Tulikaa nyuma ya hoteli, chini ya mabati, tukaletewa mbuzi choma juu ya ubao, ugali, kachumbari iliyozidi pilipili, na supu kwenye vikombe vya plastiki. Vijana wa kazi hiyo hiyo walikuwepo pia, wahandisi wenye kompyuta mgongoni, na mzee alipoombwa aseme neno hakuzungumza habari zake. Alinyoosha kidole cha mafuta akanielekeza mimi. Akawaambia wale vijana kwamba hapo walipo wanamwona mtu aliyesimama mbele ya wazee wa Kimaasai, akiwa msichana mdogo tu, akasema ukweli ambao mwanamume mzima angeumeza. Akaieleza hadithi ya Mashuuru kama anavyoieleza siku zote, ikiwa fupi na safi, na mwisho wake mimi ni shujaa. Wakapiga makofi. Kijana mmoja akasema nchi hii ingekuwa na watu kama mimi tungekuwa mbali. Niliangalia ubavu wa mbuzi mbele yangu nikaona aibu, na sisemi ile aibu tamu ya mtu anayesifiwa. Ni aibu ya kutaka kuinuka na kwenda zangu. Sikuinuka, kwa sababu mara ya mwisho nilipoinuka katikati ya wazee wakizungumza ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha, na nilikuwa nalala katika chumba cha nyuma ya ofisi kwa sababu kodi ya Kitengela ilikuwa imenishinda. Kulikuwa na kitanda cha mbao, jiko la mafuta ya taa, na vumbi la mawe kila mahali, hata ndani ya sukari. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na pipa la chuma ambalo tulitia mawe pamoja na gololi nzito, tukalizungusha mpaka tujue kama hayo ni mawe au ni biskuti. Jiwe zuri lilitoka limechubuka tu. Jiwe baya lilitoka unga. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na chapati kutoka kwa mama wa kibanda cha mbele, mchana madondo ya maharagwe, jioni madondo, na nilijiona mtu mkubwa, maana wafanyakazi wa machimbo waliniita injinia bila kucheka. Bwana Wekesa alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukamkejeli kwayo nyuma ya mgongo wake: jiwe la juu ni porojo, la chini ndilo neno. Maana yake ni kwamba usimwambie mwenye shamba chochote mpaka uchimbe. Mawe huviringika, huletwa na maji, huletwa na malori. Unachokiona juu ya ardhi hakikuambii kilicho chini yake. Niliijua sheria hiyo kama Baba Yetu, na niliivunja mara ya kwanza nilipotumwa peke yangu.

Aliyenifanya nitumwe alikuwa mama mmoja mjane kutoka upande wa Mashuuru, Mama Lemayian, aliyeingia ofisini siku moja amejifunga shuka juu ya gauni la kanisani, akakaa kwenye kiti cha wateja akauliza kama sisi ndio tunaojua kuona mawe yaliyo chini ya ardhi. Majirani zake walikuwa wamekodisha kona ya shamba kwa watu wa kokoto, na mashamba yao yalikuwa bado ni yao. Yeye alitaka hivyo hivyo. Mwanawe, Lemayian, alikuwa anataka shamba lote liuzwe kwa mnunuzi wa Nairobi ili ajenge vyumba vya kupangisha huku mjini, na ilivyokuwa, shamba halingeuzwa bila mama kukubali mbele ya bodi ya ardhi. Mama alikuwa amekataa, lakini kukataa bila kuwa na njia nyingine kunachosha. Alihitaji kitu cha kuonyesha. Alieleza haya yote taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akiangalia glasi ya chai, halafu akaniangalia mimi akasema, huyu msichana ndiye atakuja kwangu, nyumba yangu haina mwanamume. Bwana Wekesa alicheka akakubali.

Nyumba yake ilikuwa ya mabati yenye vyumba viwili, na jiko lilikuwa la udongo, kando, la mtindo wa zamani, ambamo ukiingia lazima uiname na usubiri macho yazoee giza. Alinipa kitanda chake. Nilipokataa alinishangaa kama nimemtukana, akachukua ngozi yake akaenda kulala jikoni. Kuta za chumba changu zilikuwa zimebandikwa kalenda za miaka iliyopita, picha za maua ya Ulaya na wachungaji wenye tai. Alinikamulia maziwa ya jioni akanipa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, na maziwa hayo yalikuwa na harufu ya moshi niliyoichukia siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu nilikuwa naitafuta. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa nyongeza ya maziwa. Asubuhi aliniinamisha kichwa akanitemea mate kidogo utosini, ya baraka, akaniambia, "Nenda uone vizuri." Mimi niliyezoea kuitwa injinia nilitembea shamba zima siku hiyo nikijihisi binti wa mtu.

Mchana mmoja nilikuwa chumbani naandika vibandiko vya sampuli, nikasikia watu wakikaa kwenye benchi nje ya dirisha. Walikuwa Lemayian na mama yake, pamoja na dalali aliyetoka naye mjini, na kwa kuwa dalali hakujua Kimaasai mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Sikuwa najificha, na wala sikukohoa. Lemayian hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi kwa sababu katika hadithi ya Bwana Wekesa yeye ndiye mbaya. Alimwambia mama yake kwamba ng'ombe walikwisha na ukame, kwamba shamba tupu halinyonyeshi mtu, kwamba anaona haya kila siku kuomba kazi ya ulinzi katika mageti ya watu waliokuja juzi. Mama alisikiliza. Kisha akasema, "Ngojeni huyu msichana amalize. Kama mawe hakuna, nitaketi na nyinyi tena. Kama mawe iko, msinitajie tena kuuza." Dalali alicheka kwa pua. Nikiwa pale ndani na kibandiko mkononi, niliamua kwamba mawe lazima yawepo. Mtu anayepima ardhi hatakiwi kuwa na hamu ya aina hiyo, na mimi nilikuwa nayo tele.

Na niliyapata. Karibu na njia ya mifugo inayoelekea sokoni kulikuwa na lundo pana, la chini, lililofunikwa nusu na nyasi, na kijiti cha mgunga kimeota ubavuni mwake. Mawe yake yalikuwa magumu, ya mviringo, mengine meupe kama chumvi, ya aina ambayo sikuwa nimeiona kwingine kokote pale shambani. Mimi ni mtoto wa mjini. Kwetu kaburi lina saruji na msalaba, au angalau lina bango. Nilichokiona pale ni ukingo wa mto wa kale uliochomoza juu, jinsi mwalimu wetu alivyouchora ubaoni. Nilikumbuka baadaye kwamba Mama Lemayian aliponionyesha mipaka ya shamba alilizunguka lile lundo kwa mbali, na kwamba kila alipomtaja mumewe alisema "yule aliyetangulia" bila jina, kwa kuwa wao hawalitaji jina la aliyekufa. Nilikuwa na mdomo wa kuuliza, lakini niliona kuuliza ni kazi ya mtu asiyejua. Nilijaza gunia, nikalipakia kwenye lori la ng'ombe lililokuwa likienda Kitengela, na siku chache baadaye nikapanda juu ya kichuguu ambako simu ilishika mtandao, nikaambiwa na Bwana Wekesa kwamba pipa limeshindwa na yale mawe, ni mazuri ajabu, na vijana wa kuchimba wanakuja kuthibitisha. "Usiseme kitu bado," alisema.

Nilishuka kwenye kichuguu nikaenda moja kwa moja hadi jikoni. Mama Lemayian alikuwa akipuliza moto. Hakuniuliza kwa maneno, aliniangalia tu, na mimi nikasema, "Kokoto ziko, mama. Tena ni nzuri." Alikaa chini. Akaniambia nirudie, nikarudia. Jioni hiyo alichinja kondoo, na kesho yake alimwambia dalali asirudi, akatuma habari kwa shemeji zake, ndugu za marehemu, kwamba ardhi yake ina mawe na haiuzwi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na mimi nikala kondoo wake.

Vijana walikuja wakachimba mashimo ya majaribio, ukanda mzima ambao nilikuwa nimeuchora kwa rangi ya kijani kwenye ramani. Udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi. Chini yake, udongo mweusi. Chini zaidi, kitu cheupe laini ambacho ungekivunja kwa kucha. Niliwahamisha huku na kule, nikawapigia kelele, na walikuwa wanapumzika karibu na lile lundo wakati mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mwenye duka Mashuuru, alipokuja nyuma ya mbuzi zake. Walimwita Mzee Abdi. Aliacha mbuzi ziende, akasimama, akatoa jiwe jeupe kwenye mfuko wa koti, akaliweka juu ya lundo kwa upole, midomo ikicheza. Nilimuuliza anafanya nini. Alinijibu bila mshangao kwamba hapo amelala mwenye boma, mtu aliyemuuzia ng'ombe wake wa kwanza na kumngoja alipe, na kwamba Wamaasai wakimzika mtu wa heshima namna hiyo, kila apitaye humwongezea jiwe. "Kwetu Waislamu hatufanyi hivi," alisema, "lakini yeye alikuwa mtu wangu." Nikamuuliza mawe anayatoa wapi. "Mbali, kule mtoni. Hapa hakuna jiwe hata moja, binti. Hii yote imeletwa na watu." Kisha akaliangalia lundo vizuri, akaona upande nilikojazia gunia, akasema pengine ni fisi.

Nilimweleza Mama Lemayian jikoni, nikiwa nimepiga magoti kwa sababu paa lilikuwa chini na kwa sababu nyingine pia. Kwanza nilimwambia hakuna kokoto. Halafu nikamwambia zile za kwanza nilizitoa wapi. Maziwa yakachemka yakamwagika, hakuyaondoa. Akauliza, "Ziko wapi sasa?" Nikasema tumezisaga. Aliufunika mdomo kwa mkono wote. Nilitarajia anilaani, na ningeshukuru. Lakini alipouondoa ule mkono alisema tu kwamba mashemeji wanakuja siku ya pili kuuliza habari za mawe, kwamba atawajibu yeye mwenyewe, na kwamba hayo niliyomwambia tuyaache humo humo jikoni. Akanimiminia maziwa yaliyobaki.

Wazee, wale ndugu za marehemu, walikaa nje ya nyumba, kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa, Lemayian akiwa amesimama nyuma yao. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Kwa heshima yangu mimi mgeni walichanganya Kiswahili na Kimaasai, na mtoto wa shule wa jirani alinitafsiria yaliyonipita. Waliuliza mashimo yametoa nini. Mama akasema hakuna kitu. Waliuliza basi ni nani aliyemwambia kwamba mawe yapo, mpaka akamfukuza mnunuzi na kuwatumia watu habari. Akasema hakuambiwa na mtu. Aliota. Aliota mawe yakitoka ardhini kama viazi, akaamini. Walicheka, si kwa ukatili sana, jinsi wazee wanavyomcheka mwanamke wa nyumbani. Hata Lemayian alicheka akiangalia chini. Shemeji mkubwa akapangusa macho, akashika fimbo yake kuinuka, akasema ndoto si kosa. Shamba halina mawe, mama bado hataki kuuza, na mjane wa ndugu yake halazimishwi, basi twende tukale. Yalikuwa yamekwisha. Shamba lilikuwa limepona, kwa bei ya kicheko. Nayaandika haya polepole kwa sababu nataka nione tena kwamba yalikuwa yamekwisha kweli, na kwamba nilichotakiwa kufanya ni kukaa pale kwenye ngazi.

Nilisimama. Nimejiambia miaka mingi kwamba sikuvumilia kumwona akichekwa kwa ujinga usio wake, na kweli hilo lilikuwepo. Lakini zaidi yake kulikuwa na mimi. Tangu jikoni nilikuwa sijisikii msafi, maziwa yalikuwa hayashuki, na nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba ukikiri unatakata, basi. Nikasema kwa sauti, Kiswahili sanifu cha shuleni, kwamba mama hakuota. Ni mimi niliyemwambia. Nilitoa mawe kwenye lile lundo la kando ya njia bila kujua ni nini, yakasagwa Kitengela, na ninaomba msamaha kwa wote. Nilipokaa chini nilihisi mwepesi. Huo wepesi ndio ninaouonea aibu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Kwa sababu hawakunigeukia mimi. Mimi nilikuwa mgeni, mtoto wa watu, na mgeni hajui. Shemeji mkubwa alirudi akakaa. Alimuuliza mjane kwa sauti ya chini kama alijua. Akasema alijua. Tangu lini? Tangu jana. Na leo amewaambia wazee ni ndoto. Hakuna aliyecheka tena. Nilielezwa baadaye, lakini hata bila Kimaasai niliona: yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mahali pale, na alipojua kwamba mahali pale pamechimbwa alimficha aliyechimba na kuwadanganya ndugu wa aliyelala. Lemayian alikuwa analia, kijana mkubwa vile. Alisema kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, "Mimi nilitaka kuuza udongo. Yeye amekubali baba auzwe kwa gunia." Haikuwa kweli, lakini ilikuwa na sura ya kweli, na mama hakujitetea. Wazee waliamua kwamba mtu aliyeficha jambo kama hilo hawezi kuachiwa neno la mwisho juu ya ardhi ya ndugu yao. Kabla ya mwaka ule kwisha alikwenda Kajiado mbele ya bodi, katikati ya shemeji wawili, akakubali. Mifupa ilihamishwa. Siku hizi pale kuna ukuta mrefu na geti lenye mlinzi.

Mimi walinisifu. Shemeji mkubwa alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniita msichana mkweli, na nikafungiwa mbavu za nyama za kwenda nazo. Habari zilifika Kitengela kabla yangu. Bwana Wekesa alinigombeza nusu saa kwa kuvunja sheria yake, kisha akanipandisha cheo, akaanza kuwasimulia wateja kwamba katika ofisi yake kuna mtu asiyejua kusema uongo. Mkate wangu wote tangu wakati ule umetokana na sifa hiyo. Wateja wamenipa mashamba yao, mabenki yamekubali sahihi yangu, na kweli sijawahi kudanganya katika ripoti hata moja. Sikuwahi pia kumrekebisha mzee katika hadithi yake, wala mwezi uliopita pale chini ya mabati sikumrekebisha. Ningeanzia wapi? Wale vijana wangedhani ni unyenyekevu, wangepiga makofi tena.

Asubuhi niliyoondoka Mashuuru, Mama Lemayian alinisindikiza hadi barabarani, jinsi ambavyo angemsindikiza mgeni yeyote. Alinibebea mkoba, nami nilibeba zile mbavu za watu wengine. Hakunitemea mate ya baraka na sikuthubutu kuinamisha kichwa. Tulisimama tukingoja gari la maziwa, na kwa kuwa lilichelewa nilianza tena kuomba msamaha, maneno yale yale ya jana. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kuelewa hesabu ya mtoto wake.

"Mimi nilikuwa nimekufunika," akasema. "Mbona ukajifunua?"

Nikamwambia kwamba ulikuwa ukweli.

"Najua ilikuwa ukweli," akasema. "Lakini nani alikuwa amekuuliza?"

Gari la maziwa lilikuja. Alilisimamisha yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshindwa kuinua mkono.